Mwili Umeishiwa Nguvu Ghafla: Chanzo Hutafutwa Vipi?

Mtu mzima anayeingia zahanati akisema mwili hauna nguvu, mara nyingi hutoka na majibu matatu mkononi: malaria, Widal (kipimo cha taifodi) na mkojo. Malaria haikuonekana, Widal imesoma 1:80, mkojo una chembe chache za usaha. Anaandikiwa antibiotiki ya siprofloksasini, anaambiwa anywe maji mengi na apumzike. Wiki 2 baadaye bado anapanda ngazi kwa kushika ukuta, na sasa anaamini ana taifodi sugu.

Vipimo hivyo vitatu hujibu maswali matatu finyu. Widal hutafuta kingamwili, na kingamwili hizo hubaki mwilini baada ya ugonjwa wa zamani au chanjo, na huweza kuonekana hata kwa mtu mwenye malaria. Sampuli moja ya Widal kwa mtu asiye na homa haithibitishi chochote. Taifodi huthibitishwa kwa kuotesha damu maabara ili kuona kama bakteria wake wanakua. Chembe chache za usaha kwa mtu asiyesikia maumivu wala kwenda haja ndogo kila mara hazielezi kwa nini miguu imekuwa mizito. Hata kipimo cha haraka cha malaria kina mpaka wake. Aina inayotumika zaidi hutafuta protini ya kimelea iitwayo HRP2, ambayo huweza kubaki kwenye damu kwa wiki kadhaa baada ya mtu kupona. Aliyemaliza dawa ya mseto mwezi uliopita anaweza kusoma chanya leo, ilhali kinachomchosha ni kitu kingine kabisa.

Uchovu huletwa na damu, moyo, sukari, tezi, figo, mapafu, maambukizi, dawa, ujauzito, usingizi au sonona. Hakuna kipimo kimoja kinachovipitia vyote, na kupima kila kitu kwa mkupuo humaliza fedha na kuleta majibu yanayopotosha, kama ile Widal. Kinachofupisha orodha ni maelezo ya mgonjwa: uchovu ulianza lini hasa, unakuja na nini, na siku au wiki kabla yake kulitokea nini.

"Nimechoka" ya namna gani?

Kiswahili chetu kinatumia neno moja kwa hali ambazo mwilini hazina undugu. Yuko anayesinzia: akikaa kwenye daladala dakika 10, kichwa kimeshaanguka. Huyo atafutwe usingizi mbovu, dawa zinazosinzisha, au kukoroma kunakokatisha pumzi usiku. Yuko asiyesinzia kabisa ila misuli haimtii: kunyanyuka kutoka kwenye kigoda, kujitwisha ndoo, kuinua mikono asuke nywele. Hapo hutazamwa misuli, neva na madini ya damu, hasa potasiamu, ambayo kiwango chake cha kawaida ni kati ya 3.5 na 5.0 mmol kwa lita na ambayo hushushwa na kuharisha, kutapika na dawa za kukojosha. Udhaifu unaoanzia nyayoni na kupanda juu kwa siku chache ni wa kukimbilia hospitali kubwa, kwa kuwa unaweza kufika kwenye misuli ya kupumulia. Kope zinazoanguka kila jioni na kurudi zikiwa wazi asubuhi nazo zina ugonjwa wao, maiasthenia, usioonekana kwenye kipimo chochote cha kawaida cha zahanati.

Wa tatu pumzi ndiyo inayomwishia, naye huita hali hiyo uchovu. Moyo, mapafu na damu huja mbele. Wa nne huona giza akisimama. Wa tano hana hata moja kati ya hayo: amelala vya kutosha, misuli inafanya kazi, pumzi ipo, lakini mwili umekuwa kama gunia la mchanga. Huo ndio uchovu wenyewe, na ndio wenye orodha ndefu zaidi.

Ukimwambia daktari "napumzika mara mbili kabla ya kufika kituo cha basi, zamani sikuwa napumzika," umempa kitu cha kufuata. "Nimechoka sana" peke yake haimpi njia.

Ghafla mbili

Neno "ghafla" linahitaji kuchunguzwa kuliko mengine yote. Kuna ghafla ya kutokea na kuna ghafla ya kugundua, na kuzichanganya ndiko kunakopoteza muda mwingi.

Chukua mwanamke anayepoteza damu nyingi kila mwezi kwa sababu ya vivimbe kwenye mfuko wa uzazi. Himoglobini yake, yaani kipimo cha wingi wa damu, inashuka kutoka 12 hadi 7 kwa muda wa mwaka. Mwili unajirekebisha njiani: moyo unapiga kasi zaidi, seli nyekundu zinaachia oksijeni kwa wepesi zaidi kwenye viungo, na yeye mwenyewe, bila kujua, anaanza kutuma watoto dukani na kukaa anapopika. Kisha linakuja jambo dogo: mafua, kuhamia ghorofa ya tatu, siku za mwanzo za Ramadhani. Akiba iliyokuwa inamshikilia inaisha siku hiyo, naye atasema kwa dhati kwamba uchovu ulianza Jumatatu.

Ili kuzitenganisha, chagua kazi moja ambayo umekuwa ukiifanya kwa miaka, kama njia ya kwenda sokoni, kusugua sakafu ya nyumba yote, au kupanda kilima cha shambani. Jiulize ni lini mara ya mwisho uliimaliza bila kusimama. Muulize na unayeishi naye. Mara nyingi ameona kabla yako. Tazama tundu la mkanda unalofungia sasa na lile la mwaka jana. Jibu likiwa "tangu Februari," tafuta yale yanayokwenda polepole: damu, tezi, figo, kisukari cha ukubwani, kifua kikuu. Jibu likiwa "jana saa nne asubuhi, nikiwa jikoni," hiyo ni ghafla ya kutokea, nayo ina orodha nyingine na haraka nyingine.

Inapokuwa suala la saa

Mshtuko wa moyo hauji kila mara na maumivu ya kifua. Kwa wanawake, wazee na wenye kisukari cha muda mrefu unaweza kuja kama kuishiwa nguvu kwa ghafla, jasho baridi, kichefuchefu au pumzi kubana. Kinachohitajika ni picha ya umeme wa moyo, ECG, ndani ya dakika 10 tangu kufika, na kipimo cha damu cha troponini kinachorudiwa baada ya saa chache, maana cha kwanza huweza kuwa safi mapema mno. Mtu wa umri wa miaka 55 mwenye presha na sukari, aliyelegea ghafla na kutoka jasho, asiandikiwe dawa za vidonda vya tumbo kabla ECG haijapigwa.

Kuvuja damu ndani nako hujificha. Choo cheusi, laini na kinachonata kama lami ni damu iliyopita tumboni, na kwa wanaomeza diklofenaki au ibuprofeni kila siku kwa ajili ya mgongo au magoti, hilo ni tukio la kutarajiwa. Mwanamke aliyechelewa siku zake, anayehisi maumivu ya upande mmoja chini ya tumbo, au maumivu ya ncha ya bega huku akitaka kuzimia, anaweza kuwa na mimba iliyotunga nje ya kizazi. Kipimo cha mimba ni cha lazima hata kama anasema haiwezekani.

Hapa kuna kosa linalorudiwa. Mtu akivuja damu nyingi leo, himoglobini ikipimwa saa moja baadaye huweza kusoma kawaida kabisa, kwa kuwa amepoteza damu nzima, maji na seli kwa pamoja. Namba hushuka taratibu katika saa 24 hadi 72 zinazofuata, maji ya mwili yanapoingia kwenye mishipa kujaza pengo. Saa zile za mwanzo anayesema ukweli ni mapigo ya moyo: zaidi ya 100 kwa dakika mtu akiwa amelala, mikono ya baridi, namba ya juu ya presha ikielekea chini ya 100. Karatasi ya maabara isimrudishe nyumbani.

Sukari kushuka huchukua dakika tu: kutetemeka, jasho, njaa, kuchanganyikiwa, kisha kulegea. Chini ya 3.9 mmol kwa lita ni kushuka. Chini ya 3.0 ni hatari. Aliye macho na anaweza kumeza apewe gramu 15 hadi 20 za sukari, yaani vijiko vidogo vinne vya sukari kwenye maji au nusu glasi ya soda yenye sukari halisi, apimwe tena baada ya dakika 15, kisha ale chakula. Mzee anayetumia glibenklamaidi, dawa ya kisukari, asiachwe peke yake baada ya kuzinduka, hasa akiwa na figo dhaifu: dawa hiyo hukaa mwilini na sukari hushuka tena saa kadhaa baadaye. Na mtoto yeyote aliyelegea ghafla apimwe sukari sambamba na malaria. Malaria kali hushusha sukari. Kisukari kipya cha utotoni nacho huja na kutapika na kupumua kwa nguvu, kikadhaniwa malaria au nimonia hadi mtoto anapozimia.

Damu

Huku kwetu, kipimo cha damu kamili, kinachoitwa FBP katika maabara nyingi za Tanzania, ndicho kinachofichua mengi zaidi kwa bei ndogo. Kutazama kope kwa jicho hakutoshi: weupe wa kope huonyesha upungufu mkali, ule wa wastani hupita. Kwa mwanamke asiye mjamzito upungufu huanzia chini ya gramu 12 kwa desilita, mwanamume chini ya 13, mjamzito chini ya 11 (10.5 katika miezi mitatu ya katikati).

Watu wengi husoma namba moja tu, "damu yangu ni 8," wakaanza kunywa juisi ya rozela. Namba ya pili, MCV, ndiyo inayoeleza kwa nini. Ni ukubwa wa seli nyekundu, na kawaida yake ni kati ya 80 na 100. Seli zikiwa ndogo, mshukiwa wa kwanza ni ukosefu wa madini ya chuma. Zikiwa kubwa, tafuta ukosefu wa vitamini B12 au foliki, pombe, au dawa kama zidovudini (ya VVU) na haidroksiyurea (ya selimundu). Zikiwa za kawaida, fikiria ugonjwa sugu, figo, au kuvuja damu kwa karibuni.

Chuma chenyewe hupimwa kwa feritini. Kwa mtu mzima asiye na maambukizi, chini ya 15 ni ghala tupu. Lakini feritini hupanda mwili ukiwa na homa au uvimbe wowote, kwa hiyo mwenye kifua kikuu na feritini 50 bado anaweza kuwa hana chuma. Kwa mtu wa namna hiyo mpaka hupandishwa hadi 70. Ukanda wa pwani kuna jambo la ziada: alfa-thalasemia ya kurithi ni ya kawaida, na hufanya seli kuwa ndogo huku feritini ikiwa nzuri. Mtu huyo akimeza vidonge vya chuma mwaka mzima, MCV haitasogea, kwa kuwa hakupungukiwa chuma.

Chuma kikiwa pungufu, swali linalofuata ni kimekwenda wapi. Kwa wanawake wanaopata hedhi, mara nyingi ni hedhi yenyewe: kubadili pedi kila saa moja au mbili, mabonge ya damu, siku zaidi ya 7. Wengi hawasemi kwa kuwa mama zao walikuwa hivyohivyo. Kwa wakulima na watoto wanaotembea peku, kuna minyoo ya safura, na neno hilo lenyewe tangu zamani limebeba minyoo na upungufu wa damu pamoja. Mnyoo mmoja hunyonya sehemu ndogo ya mililita kwa siku, lakini mamia yao kwa miezi huacha mtu mweupe. Albendazoli ya 400 mg mara moja hutumika, isipokuwa kwa mjamzito wa miezi mitatu ya kwanza. Kandokando ya Ziwa Victoria na visiwani Unguja na Pemba kuna kichocho, kinachotoa damu kwenye mkojo au choo. Mwanamume, au mwanamke aliyekoma hedhi, akikutwa na upungufu wa chuma, tumbo na utumbo vichunguzwe kwa kamera. Kumpa vidonge peke yake ni kufunika kidonda au saratani inayovuja.

Juu ya tiba, kidonge cha 200 mg cha salfeti ya chuma kina takriban 65 mg za chuma halisi. Kimoja kwa siku kinatosha, na wengine hufaidika zaidi wakiruka siku moja, kwa kuwa kila dozi huamsha homoni inayofunga mlango wa chuma kwenye utumbo kwa saa nyingi zinazofuata. Vidonge vitatu kwa siku huongeza kichefuchefu kuliko damu. Chai na kahawa huzuia chuma kupita, basi ziachane nacho kwa saa moja au zaidi. Maji ya limau au chungwa husaidia. Choo kitakuwa cheusi, na hilo ni kawaida ya dawa, mradi hakinati wala kunuka kama damu. Baada ya wiki 3 hadi 4 himoglobini inatakiwa iwe imepanda kwa takriban gramu 2. Isipopanda kuna maelezo machache tu: dawa hazimezwi, damu bado inavuja, tumbo halipokei (omeprazoli, dawa ya kupunguza asidi ya tumbo, ikimezwa kila siku huchangia), au tatizo halikuwa chuma. Ikifika kawaida, dawa huendelea miezi 3 mingine ili kujaza ghala. Wengi huacha hapo, na baada ya miezi kadhaa wanarudi palepale. Bitiruti isipewe kazi hii: gramu 100 zake zina chini ya miligramu 1 ya chuma.

Kuna mambo mawili zaidi kuhusu damu ambayo hupita bila kuonekana. La kwanza ni aliyelazwa kwa malaria kali akatibiwa kwa sindano za artesuneti. Wiki 1 hadi 4 baadaye, akiwa amepona kabisa, seli zake nyekundu huweza kuvunjika kwa wingi: uchovu wa ghafla, macho ya njano, mkojo mweusi kama kahawa. Ndiyo maana himoglobini hufuatiliwa kwa wiki 4 baada ya matibabu hayo. Ukimpeleka kupimwa, taja sindano hizo, la sivyo atatibiwa malaria upya. La pili ni mtoto mwenye selimundu aliyezoea damu ya 7 au 8, ambaye siku chache baada ya mafua anapauka na kulegea. Virusi vya parvo B19 husimamisha uboho kutengeneza seli kwa siku kadhaa, na kwa mtoto ambaye seli zake huishi siku chache, hilo linatosha kumwangusha. Huyo ni wa hospitali siku hiyohiyo, mara nyingi kwa kuongezewa damu.

Dawa zilizo kabatini

Kabla ya kipimo cha bei kubwa, mwaga kwenye mfuko kila unachomeza na kujipaka, upeleke. Pamoja na vya mitishamba. Propranololi na atenololi hupunguza kasi ya moyo. Piriton, amitriptilini na fenobabitoni husinzisha hadi mchana. Dawa za kukojosha hushusha potasiamu na chumvi. Metfomini ya kisukari kwa miaka mingi huweza kupunguza B12, na hapo ganzi ya nyayo huandamana na uchovu. Kumpa mtu huyo foliki pekee hurekebisha damu kwenye karatasi huku neva zikiendelea kuharibika.

La kuogopwa zaidi ni steroidi. Prednisoloni au deksamethasoni ikitumika kwa zaidi ya wiki 3 au 4, tezi za adrenali zilizo juu ya figo huacha kutengeneza homoni yake, kotisoli. Dawa ikikatwa ghafla, mwili unabaki bila kitu: kulegea, kutapika, presha kushuka, kuzimia. Wapo wanaotumia steroidi bila kujua. Baadhi ya vidonge vya kunenepesha vinavyouzwa mitaani, baadhi ya unga wa "mitishamba" ya maumivu ya viungo, na krimu za kung'arisha ngozi zenye klobetasoli hubeba kitu hichohicho. Mtu akisema alipumzisha dawa ya kunenepa wiki iliyopita na tangu hapo hana nguvu, hilo ni jibu, na adrenali zake zihudumiwe kwa haraka. Tezi hizo huharibiwa pia na kifua kikuu. Dalili ya kutofautisha ni weusi mpya kwenye fizi, makovu na mistari ya viganja, pamoja na hamu kubwa ya chumvi.

Yaliyobaki kwenye orodha

Kisukari kipya: kiu, mkojo mwingi, uzito kupungua. Sukari ya asubuhi kabla ya kula ikifika 7.0, au ya wakati wowote ikifika 11.1 pamoja na dalili hizo, imetosha. Tezi ya shingo ikilala, mtu huhisi baridi wakati wengine wana joto, choo kigumu, ngozi kavu, uzito kuongezeka. Kipimo ni TSH, na si kila mwenye tatizo hili ana rovu. Figo hupimwa kwa kreatinini, kwa maana mkojo unaotoka vizuri hauthibitishi kwamba figo zinasafisha. Kipimo cha VVU kifanyike bila woga. Wiki 2 hadi 4 baada ya kuambukizwa mtu huweza kupata homa, vipele, koo na uchovu mkubwa huku kipimo cha haraka kikiwa bado hakioni, hivyo kirudiwe. Kikohozi cha wiki 2, jasho la usiku na kukonda huhitaji makohozi yapimwe kifua kikuu kwa mashine ya GeneXpert. Baada ya dengue, kama ile iliyoikumba Dar es Salaam mwaka 2014 na 2019, uchovu wa wiki kadhaa ni jambo linalotarajiwa.

Mama aliyejifungua akilalamika uchovu huambiwa ni mtoto hamlazi. Mara nyingi ni kweli. Lakini kuanzia mwezi wa mwisho wa ujauzito hadi mwezi wa 5 baada ya kujifungua moyo huweza kudhoofika, na ugonjwa huo unawapata wanawake wa Kiafrika kwa wingi kuliko wengine. Muulize analalia mito mingapi, kama huamka usiku kutafuta pumzi, kama miguu imevimba zaidi badala ya kupungua. Ndiyo moja tu kati ya hizo inatosha kuomba eko, yaani picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti.

Na ikiwa nyumba nzima imechoka, vichwa vinauma asubuhi, na kila mtu hupata nafuu akitoka nje, tazama jiko la mkaa lililoingizwa ndani. Makete, Njombe au Limuru, usiku wa Julai, milango hufungwa na jiko huachwa chumbani. Kaboni monoksaidi haina harufu. Kifaa cha kidoleni cha kupima oksijeni hakiwezi kuitofautisha na oksijeni, kwa hiyo kitasoma 98 huku mtu akizidiwa. Toeni watu nje kwanza.

Sonona huchosha mwili kwa kweli, na haifai kuwa jibu la kutupia pale maabara iliposhindwa. Ina maswali yake: kwa wiki 2 zilizopita, je, umekosa raha au hamu ya mambo uliyoyapenda? Je, umejisikia mnyonge, bila matumaini? Huweza kuwapo pamoja na upungufu wa damu, na vyote viwili vitibiwe.

Siku ya kwenda kupimwa

Wiki moja ya kuandika kwenye daftari husaidia kuliko tunavyodhani: saa ya kulala na kuamka, uchovu ulipokuwa mkubwa, chakula, dawa, siku za hedhi, homa. Kliniki ianze na visivyohitaji maabara, yaani uzito, joto, presha, mapigo, oksijeni. Kisha presha ipimwe mtu akiwa amelala dakika 5, na tena dakika ya 1 na ya 3 baada ya kusimama. Namba ya juu ikishuka kwa 20 au ya chini kwa 10, tafuta upungufu wa maji, kuvuja damu, dawa, au adrenali. Presha ikibaki palepale lakini mapigo yakaongezeka kwa 30 au zaidi ndani ya dakika 10 za kusimama, hiyo ni hali nyingine, iitwayo POTS, yenye tiba yake, na hupatikana zaidi kwa wasichana na vijana baada ya maambukizi ya virusi.

Kwa uchovu usio wa dharura, duru ya kwanza yenye maana ni FBP, sukari, kreatinini na madini ya damu, kipimo cha ini, mkojo kwa kijiti, VVU, mimba kwa anayeweza kubeba, TSH na feritini panapopatikana. Malaria ipimwe penye homa. Vingine vifuate maelezo na vidokezo vya uchunguzi wa mwili.

Dripu haimo kwenye orodha. Mfuko wa mililita 500 wa dekstrosi asilimia 5 una gramu 25 za sukari, kiasi cha vijiko vidogo sita. Kwa aliyeharisha au asiyeweza kumeza ni tiba. Kwa mwenye himoglobini ya 7 ni nafuu ya jioni moja, na damu inazidi kupungua.

Duru ya kwanza ikiwa safi na hakuna dalili za hatari, rudia baada ya wiki 4. Magonjwa mengi ya mwanzoni hujionyesha katika muda huo, na uchovu mwingi wa baada ya virusi huwa unaondoka. Ukivuka miezi 6, usingizi hauburudishi, akili imekuwa nzito, na kila shughuli iliyozidi kidogo humlaza mtu kesho yake au keshokutwa, kuna ugonjwa unaoitwa ensefalomielitisi ya maialjia, ambao hutambuliwa kwa dalili hizo, maana hauna kipimo chake cha damu. Kumlazimisha mgonjwa huyo afanye mazoezi ya kuongezeka kila wiki kunaweza kumrudisha kitandani, na mwongozo wa Uingereza wa mwaka 2021 umeacha kuyapendekeza. Apimiwe nguvu zake: kazi igawanywe vipande vya dakika 10 au 15, apumzike kabla hajachoka, ndoo ijae nusu. Mizani ibaki ileile kila mwezi. Akipungua zaidi ya asilimia 5 ya uzito ndani ya miezi 6 bila kukusudia, au homa ikirudi, au choo kikibadilika, uchunguzi unaanza tena.